Kombo, spika imepona

Buruburu, Nairobi
Jumapili usiku

Ndugu yangu Kombo,

Pokea salamu, na shemeji umpe zake, na watoto. Huku hatujambo. Mvua imerudi na maji ya mfereji yamekatika, na hakuna mtu mtaani anayeshangaa tena.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza nipate habari, ya pili nicheke. Yaani binti anataka awe dijei wa afro-hausi, mashine anayoitaka bei yake ni ng'ombe wawili, na ulipomuuliza hiyo afro-hausi ndiyo nini, akakwambia ni muziki mpya, baba hawezi kuujua. Wewe Kombo! Wewe uliyevua koti ukafunika amplifaya, ukanyeshewa kutoka stejini hadi ukumbini!

Umeniuliza muziki huu ni kitu gani, na kama utadumu au ni mambo ya kware, yale mayai yaliyovuma ghafla yakaporomoka. Nakujibu kwa barua kwa kuwa hadithi ni ndefu, na pia kwa sababu wiki iliyopita niliipeleka ile spika tuliyopigia muziki kumbini ujanani kwa mafundi wa barabara ya Luthuli hapa mjini.

Ndiyo, ile ile ya inchi 15. Miaka yote hii imekaa nyuma ya kochi, mke wangu kaiwekea chungu cha maua juu. Koni ilikuwa imepasuka toka ukingoni hadi katikati. Nilimpata fundi mmoja ghorofani, kibanda chake hakizidi kitanda, kijana wa miaka ishirini na kitu hivi. Hakusema neno. Alikwaruza gundi ya zamani kwa wembe, akapuliza vumbi, akatoa filamu kuukuu ya eksirei, akaikata vipande vyembamba na kuvichomeka kuzunguka koili ili isimame katikati, isiguse sumaku. Niliitambua mbavu ya mtu kwenye kipande kimoja. Akapaka gundi, akalaza koni mpya, akaniambia nikanywe chai nirudi baada ya saa mbili.

Niliporudi alichomoa zile filamu moja moja, akaunganisha waya, akawasha amapiano, muziki wa Afrika Kusini, kwenye simu. Kombo, ile besi yao, ile inayobisha kama mtu anagonga gogo lenye uwazi ndani, ilipoingia, misumari iliyokuwa juu ya meza ilianza kutembea. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mzee, hii ilikuwa ikipiga nini zamani?"

Nikafungua mdomo nikakosa jina. Mwishowe nikasema: disko.

Alicheka hadi akaketi. "Disko kama ya matanga?"

Nilirudi nyumbani nikiliwaza neno hilo. Sisi kila kitu tulikiita disko. Dr. Alban, yule Mnaijeria aliyesomea udaktari wa meno Sweden, ilikuwa disko. Technotronic wa Ubelgiji, disko. (Na hatukujua wakati ule kwamba Ya Kid K, mwenye sauti kwenye kibao chao cha 1989, alizaliwa Kinshasa, kwenye video wakamweka mwanamitindo mwingine afungue mdomo tu. Tulidhani ni Wamarekani wote.) Hadi leo kwenu Kilifi machifu hawaishi kupiga marufuku disko matanga, zile dansi za usiku msibani, na ukimwambia chifu kwamba disko ilizikwa huko Marekani sisi tukiwa watoto wa kubebwa, atakuona umelewa.

Ilizikwa kweli, tena kwa baruti. Tarehe 12 Julai 1979, mtangazaji mmoja wa redio asiyeipenda disko aliwaalika watu uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago. Ukija na santuri ya disko unaingia kwa senti 98. Katikati ya mechi mbili santuri zikarundikwa, zikalipuliwa. Watu wakamwagika uwanjani, nyasi zikaungua, mechi ya pili haikuchezwa. Sasa sikia: miongoni mwa vijana waliokuwa wakielekeza watu vitini siku hiyo alikuwepo Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akiweka akiba anunue sinthesaiza, kinanda cha umeme. Amesimulia kwamba santuri nyingi alizoona zikiletwa hazikuwa za disko hata kidogo, zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Mwaka 1984 kijana huyo alishiriki kuandika kibao cha Jesse Saunders ambacho wengi hukihesabu kuwa santuri ya kwanza ya hausi.

Na hausi yenyewe? Jina limetoka klabu ya Warehouse, Chicago hiyo hiyo. Frankie Knuckles alikuja hapo kutoka New York mwaka 1977, akawachezea watu weusi na Walatino, wengi wao mashoga, waliofukuzwa kila mahali pengine. Santuri mpya za disko zilipopungua, alikata tepu na kuziunganisha ili wimbo wa dakika tatu ufike kumi, akaongezea mashine ya ngoma chini yake. Watu wakaenda madukani kuulizia muziki wa Warehouse, jina likafupishwa. Kwa hiyo marehemu alikuwa amebadilisha nguo tu, akatokea mlango wa nyuma.

Kuna hadithi moja hapa naipenda kuliko zote. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mwaka 1981 kidude kinachoitwa TB-303, kimsaidie mpiga gitaa kufanya mazoezi bila mtu wa besi. Hakikufanana na besi hata uking'ang'ania. Hakikununuliwa, wakaacha kukitengeneza mwaka 1984, vikaishia kwenye maduka ya mitumba. Vijana wa Chicago wa kundi la Phuture wakakipata kwa bei ya bure, wakaanza kuzungusha vitufe vyake ovyo huku kikicheza, kikatoa mlio kama wa bata anayekabwa shingo. Wakampelekea tepu Ron Hardy, dijei wa klabu ya Music Box. Inasimuliwa kwamba alipoicheza mara ya kwanza watu waliondoka ukumbini. Akaicheza tena. Kufikia mara ya nne usiku huo huo walikuwa wakipiga mayowe. Santuri ikatoka 1987, na mwaka uliofuata vijana wa Uingereza walikuwa wakikesha mashambani na maghalani kwa mlio ule wa bata. Hebu kumbuka Mtwapa, ule usiku tulipocheza kaseti yako ile ya ajabu wakaturushia chupa. Tungeirudia mara tatu, nani ajuaye.

Waingereza wenyewe walitunga sheria mwaka 1994 ya kuwapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko hiyo, na ndani yake wakajaribu kueleza muziki wenyewe: sauti zenye midundo inayofuatana na kujirudia. Kwa maelezo hayo Waluhya wote na ngoma yao ya Isukuti wangelala ndani. Na ngoma yenu ya mwanzele pia.

Mengine nitayapita mbio. Detroit ikatoa tekno, kazi ya Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson waliosoma pamoja kitongoji cha Belleville. Ni ya bati zaidi, kama kiwanda kilichofungwa kinachoota ndoto. Ujerumani wakalea transi, ambayo mimi hunipa usingizi. London ikatoa jango, iliyojengwa kwa sekunde chache za ngoma zilizokatwa kwenye santuri ya kundi la The Winstons ya 1969. Sekunde hizo zimetumika kwenye maelfu ya nyimbo. Mpiga ngoma, Gregory Coleman, alikufa mwaka 2006 akiwa hana makao, na hakulipwa chochote. Hilo mwambie binti kabla hujamwambia lolote jingine: ukichukua sauti ya mtu, mtafute mwenyewe.

Ama kuhusu kware. Ndiyo, walikuwepo. Baada ya 2010 Wamarekani, wale wale waliolipua santuri, waliugundua muziki huu wakaubandika jina la EDM, yaani muziki wa dansi wa kielektroniki. Dijei akawa anapanda jukwaa kubwa kama mnara wa msikiti, moto unatoka huku na huku, na nyimbo zote zikawa na mpango mmoja: panda, panda, panda, kimya, halafu mlipuko. Unakumbuka magari ya Rongai yalivyotutesa na mlipuko huo. Kampuni iitwayo SFX ikanunua matamasha kila pembe ya dunia, ikaingia soko la hisa mwaka 2013, na mapema 2016 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa madeni. Mayai ya kware hasa. Lakini waliofilisika ni wenye hisa. Kule Berlin watu hawakukosa hata usiku mmoja wa tekno.

Na wakati huo sisi tulikuwa tunaangalia upande usio. Afrika Kusini hausi ilifika mapema ikapata uraia. Miaka ya tisini waliipunguza kasi wakapata kwaito. Durban wakaivua nguo zote wakabaki na gqom, ngoma na giza. Mitaa ya Pretoria na Johannesburg ikaleta amapiano, ikasambaa kwa WhatsApp kabla redio haijaamka. Dijei wao Black Coffee akachukua tuzo ya Grammy mwaka 2022. Ukitaka kutambua kipi ni kipi, usihangaike na majina, tazama saa yako. Hausi ni kama midundo miwili kila sekunde, 120 kwa dakika au zaidi kidogo. Amapiano ni kama 112, ndiyo maana hata sisi wenye magoti mabovu tunaiweza. Halafu kuna ndugu zetu wa Dar na singeli yao, ambayo huvuka 200 bila kupumua. Singeli ni mtoto wa mchiriku, wewe uliusikia Tanga: vinanda vidogo vya Casio, spika zimezidiwa, mama mwenye sherehe kafunga kanga kiunoni. Leo vijana wa Manzese na Tandale wanaalikwa Ulaya kwa kelele hiyo hiyo. Huko Jinja, Uganda, kuna tamasha linalowakusanya watu wa aina hii tangu 2015. Jina lake ni Nyege Nyege, na kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla. Usilitaje mbele ya mama mkwe. Mwaka 2018 waziri mmoja alijaribu kulipiga marufuku, nami nashuku ni jina tu lililomponza.

Sasa hiyo afro-hausi ya binti, yaani hausi iliyotiwa ngoma na sauti za Kiafrika. Mwaka 2023 dijei Mbrazili aitwaye Zerb alitoa kibao na Sofiya Nzau, msichana wetu wa hapa Kenya, kinaitwa "Mwaki". Kiliimbwa kwa Kikuyu chote. Kilichezwa fukwe za watu wasiojua Murang'a iko wapi. Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza mboga hapa kona, alikisikia kwenye simu ya mteja akaacha kukata sukuma, kisu kikiwa hewani. "Huyo anasema moto?" Ndiyo, moto, "mwaki", undugu na "kuwaka" kwetu hauhitaji shahidi. Akauliza ni nyimbo za kanisa gani. Nikamwambia ni disko.

Jibu langu basi: jina hilo la afro-hausi mpe miaka michache, litakuwa limepauka kama fulana ya kampeni. Mdundo ulio chini yake ulikuwepo kabla ya Comiskey Park na sioni atakayeulipua. Kwa hiyo ng'ombe wako wawili wabaki zizini. Mtoto asinunuliwe mashine ya kucheza jina la mwaka huu. Ajifunze kutengeneza sauti yake, kwa kompyuta yoyote na spika za masikioni zenye adabu. Hapa Nairobi kuna Santuri, watu wanaofundisha vijana kutengeneza muziki huu na kuucheza, wasichana wakiwemo. Likizo akija atalala kwetu, nami nitampeleka. Na kabla hajaja, mpe simu akarekodi mwanzele kwenu, akarekodi na chakacha kwenye arusi ijayo, kina mama wakikubali. Kijana wa Johannesburg hana hiyo.

Ila namjua binti, na nakujua wewe utakavyolegea akilia. Kwa hiyo nimeifungasha ile miksa yetu ya zamani kwenye boksi la maziwa. Itapanda basi la usiku wa Alhamisi, nitakutumia namba ya risiti. Uwahi stejini Ijumaa alfajiri kabla makuli hawajaanza kurusha mizigo. Kitufe cha kushoto kinakwaruza ukikigeuza haraka, usimwambie. Muache akizungushe mwenyewe.

Spika sikupi.

Wako,
Ochi