Mama anakuja kuniona jukwaani, nami nataka kukaa kwenye taa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, nipo mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Dar es Salaam, nasoma sanaa za maonyesho. Naomba univumilie, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu utasema huyu mtoto hana shida, anaitafuta.

Kwetu ni Morogoro. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, mama akatulea kwa cherehani kwenye kibaraza cha duka la watu. Mama anapenda maigizo kuliko chakula. Kanumba alipofariki, Aprili 2012, alifunika cherehani akaenda kukaa mbele ya televisheni ya jirani mpaka jioni, na gauni la send-ofu la mteja likachelewa. King Majuto akitokea kwenye runinga, nyumbani hakuna aliyetumwa dukani. Kwa hiyo nilipochaguliwa kozi hii ukoo mzima ulinuna isipokuwa yeye. Mjomba, aliyekuwa atoe ada, alisema kuigiza hata mlevi anajua, sasa mtu anakwenda kulisomea miaka mitatu ili iweje? Mama akamjibu mbele ya watu neno moja tu: "Utamwona." Akakopa kwenye kikoba, akanilipia mwaka wa kwanza. Mkopo wa serikali nilikuja kuupata mwaka wa pili.

Mwaka wa kwanza tunasoma kila kitu: uigizaji, ngoma, uandishi, maleba (yaani mavazi ya jukwaani), na historia ya kizazi cha waandishi wa tamthiliya akina Penina Muhando na Ebrahim Hussein kilichoibukia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye uigizaji tu. Semista ya pili nikapata mafua, sauti ikakauka kabisa siku nne kabla ya onyesho. Mwalimu akanitoa kwenye igizo, akaniambia nikae na kaka mmoja wa mwaka wa tatu kwenye taa. Nililia, Shangazi, nisikufiche.

Yule kaka alikuwa amepachika taa tano za wati 1,000 kwenye laini moja ya umeme. Zikavumilia kama robo saa, kisha tap! Giza. Hadhira ikadhani ndivyo mchezo ulivyopangwa, wakapiga makofi. Baadaye nilikwenda kumuuliza fundi wa umeme, akanifanyia hesabu kwenye kiganja kwa kalamu: kwa umeme wetu wa volti 230 taa moja ya namna ile inakula ampea nne na ushee, tano zinapita 21, na swichi ya kujikata ilikuwa ya ampea 16 tu. Nilirudi hosteli nimeubana mkono nisifute ile hesabu.

Tangu hapo sikutoka tena. Nikasoma habari za Mmarekani mmoja, Stanley McCandless, aliyekuwa akifundisha Yale, kwamba mwigizaji mpige taa mbili kutoka juu mbele, moja kila upande kwa nyuzi 45, moja yenye rangi ya joto na nyingine ya ubaridi, uso upate umbo. Nikaanza kujaribu kwa ngozi zetu. Nikaona taa ya mbele peke yake inaubapaza uso mweusi kama picha ya kitambulisho, lakini ukileta nyingine kutoka ubavuni, shavu na bega vinang'aa, mtu anatoka kwenye pazia la nyuma utadhani amechongwa.

Nikupe mfano mmoja, pengine utanielewa. Mwaka jana tulikuwa na igizo ambalo mwanamke ameketi kwenye mkeka akingoja habari za mumewe aliyekwenda baharini. Hasemi kitu. Nilianza kushusha taa za mbele polepole, sekunde 40 nzima, nikaacha moja tu ya pembeni yenye jeli ya buluu, ile plastiki ya rangi inayowekwa mbele ya taa. Ukumbi ulikuwa na joto la Februari, feni mbili mbovu. Mama mmoja wa safu ya mbele akavuta mtandio wake akajifunika mabega. Nilimwona kwa macho yangu kutoka kule nyuma. Baridi ile niliileta mimi kwa vidole viwili, na hakuna aliyejua. Sijawahi kusikia raha ya namna hiyo hata siku niliyopigiwa makofi ya kusimama.

Na uigizaji ninauweza, siikimbii kazi. Ila siku hizi nikisimama jukwaani, badala ya kuwaza mhusika, nasikilizia joto la taa usoni na kujiambia hii imekaa vibaya, aisogeze kushoto.

Wapo wanaonicheka. Rafiki yangu mmoja anasema taa ni mambo ya Wazungu; sanaa yetu ni uwanjani, mchana, chini ya mwembe, kama tunavyofanya tukienda vijijini na maigizo ya maendeleo, watu wanakatiza mchezo na kuchangia. Ana lake jambo, kule kijijini hata mimi nafurahi. Lakini nilimwuliza, hadithi za bibi ulisimuliwa mchana? Zilikuwa za usiku, kando ya moto, na bibi alijua lini auchochee na lini auache ufe. Mafundi nao, ukipanda ngazi, utasikia "shuka, binti, utaanguka". Nimeshawazoea.

Sasa, Shangazi, kiini cha barua. Mwezi wa sita tuna onyesho la mwisho, ndilo mradi wetu wa kuhitimu. Ni tamthiliya tuliyoiandika wenyewe, ya mjane anayegombana na mashemeji juu ya shamba. Mwalimu amenipa nafasi ya mjane. Ndiye mhusika mkuu, yumo jukwaani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wiki hiyohiyo akaniambia: ukitaka kupimwa kwenye ubunifu wa taa nitakupa, mjane nitamtafuta mwingine, lakini viwili kwa pamoja haiwezekani. Anataka jibu Ijumaa ijayo.

Mimi, kwa kiherehere, nilikuwa nimeshampigia mama siku ile ile niliyopewa nafasi, kabla sijaambiwa hilo la pili. Mama akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kesho yake akawaambia wanakikoba. Wamechangishana, wamekodi Kosta, wanakuja wanawake 22 kutoka Morogoro, na mjomba amealikwa makusudi akae mbele. Kisha mama akaniomba vipimo vyangu.

Juzi nilijaribu kumgusia. Nilimwambia, mama, wewe unashona gauni la bibi harusi, picha zinapigwa, wewe humo kwenye picha hata moja, lakini si kazi yako? Nilidhani nimeongea la maana. Alinyamaza kidogo, nikasikia cherehani imesimama. Akasema, "Mwanangu, mimi nimekaa nyuma ya nguo za watu miaka yote ili wewe uonekane." Sikuendelea. Nikamwuliza habari za kuku.

Fedha nayo iko namna hii. Kwa taa nimeshaanza kupata vibarua: harusi, kongamano moja, na kanisa moja la hapa mjini lenye taa nyingi kuliko ukumbi wetu wa chuo. Usiku mmoja wa harusi nililipwa shilingi 40,000 na sahani ya pilau. Kwa uigizaji sijapata hata nauli. Lakini hesabu hiyo siwezi kumpelekea mama, maana hakunikopea kikoba nikawashe taa kwenye harusi. Kwake hilo ni jambo la fundi umeme, na fundi umeme hasomi chuo kikuu.

Rafiki zangu wananishauri nicheze hili moja, nimfurahishe, halafu baada ya kuhitimu nifuate langu. Ni rahisi kusema. Mradi huu ndio nitakaouonyesha nikiomba kazi, na nikimaliza nikiwa mjane wa jukwaani, nani ataniamini kwenye taa? Tena naogopa kwamba nikicheza vizuri mama ataomba lingine, na lingine.

Jana gauni limefika kwa basi. Kaniki, mkono mrefu, na kwa ndani ameweka mfuko mdogo wa siri, "wa leso," anasema, "mjane lazima alie." Nimelivaa chumbani. Limenikaa sawasawa.

Nifanyeje, Shangazi? Nimwambie sasa, kabla Kosta haijalipiwa yote, au niwaache waje kwanza? Na nikimwambia, nianzie wapi ili asione kwamba mjomba alisema kweli?

Binti wa fundi cherehani,
Dar es Salaam