Kabla ya kupokea roboti wodini, tuulize ina hulka gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala wa roboti katika huduma za afya, ambao naona umekuwa ukizunguka bei, umeme na ajira za wauguzi, huku jambo linaloamua kama mgonjwa ataikubali mashine au ataigeuzia mgongo likiachwa pembeni. Jambo hilo ni hulka: hulka ya mgonjwa mwenyewe, na ile ambayo watengenezaji wameivisha mashine kupitia sauti yake, mwendo wake, umbali inaosimama na maneno inayoyatamka.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa na wagonjwa waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi. Zoezi letu la kila siku halina gharama: mgonjwa anahamisha punje za maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine kwa mkono ulioathirika. Nawakumbuka wawili niliowahudumia kipindi kimoja. Wa kwanza alikuwa mchuuzi wa samaki mwenye sauti ya mnadani, ambaye ukimwambia "taratibu baba, usijichoshe" aliulaza mkono mapajani na kukutazama kana kwamba umemtukana, lakini ukimuuliza "leo maharage yamekushinda, mzee wangu?" alimaliza bakuli zima na kudai jingine. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mama aliyehesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza bila sauti. Siku kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwetu alipompigia makofi kwa kufikisha punje ya kumi, aliacha, akajivuta kanga usoni, na hatukufanya lolote tena hadi kesho yake. Maharage yalikuwa yaleyale na kiharusi kilikuwa kilekile.

Ndiyo maana sikushangaa niliposoma kazi ya Adriana Tapus na Maja Matarić wa Chuo Kikuu cha Southern California, iliyochapishwa mwaka 2008. Walitengeneza roboti ya kusimamia mazoezi ya mkono kama ya wagonjwa wa kiharusi, wakaiwezesha kubadili maneno, sauti, kasi na ukaribu wake kwa mtu. Wachangamfu walipendelea mashine inayowachagiza na kuwapa changamoto, na wakimya wakapendelea ile ya upole inayowafariji. Mashine ilikuwa moja, kilichobadilika ni namna yake ya kukaa na mtu.

Wajapani walikwenda njia nyingine. Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa bahari za baridi, na manyoya meupe, haisemi neno hata moja. Mbunifu wake, Takanori Shibata, alichagua sili kwa sababu watu wengi hawajawahi kuishi na sili, kwa hiyo hawamlinganishi na paka au mbwa wanayemjua. Hutumika kuwatuliza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliitambua kuwa kifaa tiba. Sidhani kila bibi wa kwetu angependa kupakata mnyama wa manyoya, lakini hoja ya kunyamaza naiheshimu.

Hapa jirani, Mei 2020, Rwanda ilipokea roboti tano za kampuni ya Zora Bots ya Ubelgiji, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ili kupunguza muda ambao wahudumu walikaa karibu na wagonjwa wa Covid-19. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Kenya nayo ilipopata zake tatu, ziliitwa Jasiri, Shujaa na Tumaini. Majina hayo yanaonyesha kwamba waliozipokea walihisi kitu kinachomsogelea mgonjwa hakiwezi kuwa chombo kitupu. Ila jina hubandikwa kwa siku moja, na adabu ni kazi ya kila dakika.

Chukua salamu tu. Roboti imwamkie vipi mzee wa miaka 80? Ikisema "habari yako", imekosa adabu. Ikisema "shikamoo", wapo watakaocheka na wapo watakaoona wanakejeliwa, kwa kuwa mashine haina umri wa kumpa mtu heshima hiyo. Mimi ningeanza na "pole", maana pole haiulizi nani mkubwa. Swali la namna hii halijibiwi kiwandani Ubelgiji wala Japani.

Najua nitaambiwa kwamba wodi yenye muuguzi mmoja usiku kucha inahitaji mikono kwanza, tabia baadaye. Lakini mashine ambayo mgonjwa anaigomea haiongezi mkono wowote. Inaongeza kitu cha kufuta vumbi. Tena upole wenyewe una upande wa pili, kwani mgonjwa akiizoea sauti laini ataieleza ya ndani ambayo hajamwambia hata mwanawe, na anastahili kujua maneno hayo yanahifadhiwa wapi na nani anayasikiliza.

Kwa hiyo naziomba kamati za ununuzi, na zaidi wale wanaopokea misaada kwa furaha na picha, zidai kwamba muuguzi au mtaalamu aliye kando ya kitanda aweze kuibadilisha hulka ya mashine kwa mgonjwa mmojammoja, kwa Kiswahili, bila kumsubiri fundi kutoka ng'ambo. Mchuuzi wangu wa samaki ningemwekea ile ya kumtania. Yule mwalimu ningemtafutia inayojua kuhesabu naye bila kutoa sauti.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga