Salamu za Idi, na Neno Juu ya Sufuria la Boko Boko

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa ndugu na jamaa wote, kwa majirani zetu wa Ngamiani hapa Tanga, na kwa nyinyi mlio mbali, Mombasa, Muscat, Leicester na kwingineko, ninawapa mkono wa Idi, wakubwa kwa wadogo. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Mfunguo Mosi tukiwa na uzima, tunamwomba atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu wote waliotutangulia mbele ya haki. Kuandika salamu hizi ni wajibu niliokabidhiwa na wazee, na kila mwaka huutimiza kwa maneno yale yale mnayoyajua. Mwaka huu naomba mniwie radhi nikiyarefusha kidogo, kwa kuwa nina neno linalonikaa moyoni.

Hii ni Idi ya kwanza ambayo sufuria la nyumba yetu la boko boko, yaani ngano na nyama zinazopikwa na kupigwa mpaka zishikane, litatelekwa bila ya shangazi, aliyetutoka mwezi wa Rajabu. Nyinyi mliokula boko boko lake mlilikuta Sikukuu mosi asubuhi, limekwisha kupakuliwa, limesawazishwa kwa mgongo wa kijiko na kumwagiwa samli juu. Sisi tuliokaa naye nyumba moja tulilijua tangu mchana wa mwezi 28, pale alipoketi barazani na ungo mapajani, akiichagua ngano punje kwa punje, akitoa vijiwe na zile punje nyeusi, na huku akimjibu kila apitaye njiani bila ya kuinua macho. Aliiroweka usiku wa mwezi 29 kabla ya tangazo lolote, na aliyemwuliza itakuwaje mwezi usipoandama alijibiwa kwamba ngano haina haraka, itangoja kama tutakavyongoja sisi. (Suala la mwezi wa hapa na mwezi wa Saudia silifungui leo. Linatosha kutugawa kila mwaka ndani ya nyumba moja, na anayetaka kubishana aje baada ya Sikukuu nne.)

Nyama yake ilikuwa ya mbavu, yenye mfupa, iliyochemshwa kwa mdalasini, pilipili manga, tangawizi na kitunguu thomu, kisha ngano ikatiwa ndani ya supu ile ile, moto ukapunguzwa, na nyumba nzima ikalala nusu usingizi. Mifupa ilipokwisha kutolewa, karibu na alfajiri, ndipo kazi yenyewe ilipoanza, yaani kupiga. Mwiko mrefu wa mbao ulipokezanwa, wawili wakilishika sufuria kwa vitambaa lisizunguke, mmoja akipiga na kusonga mpaka jasho limtoke, hadi nyuzi za nyama zikapotea ndani ya ngano na ngano ikapotea ndani ya nyama. Yeye hakuonja ili kupima. Aliuinua mwiko, akatazama: likikatika na kudondoka, alisema bado, likivutika na kushuka polepole bila ya kukatika, alisema "pakueni". Mlioko Leicester najua mnatumia sufuria la presha na blenda. Kwa presha sina ugomvi nanyi. Blenda ndiyo siikubali, kwa sababu kisu chake huikata nyuzi ya nyama ambayo mwiko ungeivuta, na kinachotoka humo ni uji mzito wenye harufu ya mdalasini.

Mwaka wenyewe umekuwa mgumu, na hilo hakuna asiyelijua. Bei ya nyama kila mtu anaiona buchani, samli safi imekuwa kitu cha kuulizia na kurudisha chini, na hata sukari ya kaimati hupimwa kwa kijiko. Tangu vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022 tumefundishwa na mifuko yetu wenyewe kwamba nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na kwamba sisi wa pwani, ambao ngano haioti kwetu, tutainunua kwa bei itakayopangwa na watu ambao hawajui kama tupo. Mafuta ya kula nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo familia ilipokaa mwishoni mwa Shaabani kuzungumzia sikukuu, ilitolewa rai kwamba mwaka huu sufuria lisitelekwe kabisa, kwanza kwa ajili ya msiba, pili kwa ajili ya gharama, na kila nyumba ijipikie pilau yake. Rai hiyo ilitolewa kwa nia njema na watu ninaowaheshimu. Mimi niliipinga, na naona ni haki nyote mzijue sababu zangu.

Ya kwanza, chakula hiki cha boko boko kimepikwa na watu wengi kabla yetu, na baadhi yao walikuwa katika hali ngumu kuliko tuliyomo. Mapishi yake, kwa jina la harisa, yaliandikwa Baghdad katika karne ya 10. Ndugu zetu wa Muscat wanakiita harisi, na mwaka 2023 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya turathi za binadamu kwa ombi la Oman, Saudia na Falme za Kiarabu. Jambo ambalo shangazi angelisikiliza kwa adabu, kisha angeuliza kama hao wa UNESCO nao wamejua kupiga mwiko. Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, walioletwa Hyderabad, India, kuwa askari wa mtawala wa huko aliyeitwa Nizam, walikwenda nacho huko, kama wenzao walivyokuja nacho katika miji yetu hii, na Wahindi wakakitia dengu, vitunguu vya kukaanga, ndimu na viungo vingi, hata halimu ya Hyderabad, inayofuturiwa mji mzima mwezi wa Ramadhani, ikapewa hati ya kulinda jina lake mwaka 2010. Waturuki wanakipika arusini kwa jina la keşkek, na huko kupiga ni kazi ya vijana wa kiume, wenye nyundo za mbao, wanaopokezana kwa mdundo wa ngoma na sauti ya zumari. Nawaomba wapwa zangu wa kiume, wanaoujua mlango wa jikoni kwa kupitia sahani peke yake, wairudie sentensi hiyo mara mbili.

Lakini mfano ulionishika zaidi ni wa Waarmenia wa Musa Dagh, mlima ulioko kusini mwa Uturuki ya leo, ambao ni Wakristo na hawana Idi yetu. Mwaka 1915, walipoamriwa na dola ya Uthmani kuhama vijiji vyao, wengi wao walipanda mlimani, wakajihami huko kwa wiki kadhaa mpaka manowari za Ufaransa zikawachukua na kuwapeleka Port Said. Wengi wao mwishowe hawakubaki katika vijiji vile. Wengine wako Anjar, nchini Lebanoni, wengine wako Armenia kwenyewe, na huko Armenia kila mwezi wa Septemba wazao wao huteleka masufuria makubwa ya harisa, ngano na nyama na chumvi basi, yakakesha motoni usiku kucha, na asubuhi hugawiwa kila aliyekuja. Watu waliopoteza mlima mzima hawakuona kwamba msiba ni sababu ya kuzima moto. Waliona kwamba ndiyo sababu ya kuuwasha, na wamekuwa wakiuwasha tangu hapo, wajukuu wakipokea mwiko kwa babu zao. Sisi tumepoteza mtu mmoja, aliyekwisha kula chumvi nyingi, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu na akiwa kitandani kwake. Tuna udhuru gani?

Sababu yangu ya pili ni ya nyumbani, na kuiandika kunanitia uzito. Siku ya pili ya msiba, wakati wanawake wetu walikuwa wamechoka na sisi wanaume tukibabaika na turubai na viti, jirani yetu Mchaga wa nyumba ya nyuma aliingia kwa mlango wa uani na sufuria la mtori. Alisema kwao huupikia mzazi aliyejifungua, kwa sababu humrudishia mtu nguvu hata kama hana hamu ya kula, na kwamba yeye hakujua cha kupikia nyumba ya Waislamu iliyofiwa, ila nyama alikuwa ameinunua kwa muuzaji wetu yule yule, tusiwe na wasiwasi. Ndizi zilikuwa zimepondwa na kuchanganyika na nyama mpaka huoni pa kuzitenga. Binti wa marehemu, ambaye tangu mazikoni hakuwa ametia kitu kinywani ila maji na chai ya rangi, alikula bakuli lote, akasema, "Huyu naye anajua kupiga." Hapo ndipo nilipolia, ndugu zangu, sikulia makaburini.

Sasa niambieni, nyumba iliyoletewa sufuria lile inawezaje kukaa Sikukuu mosi bila ya kupeleka kitu kwa yule mama? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopata habari ya kifo cha binamu yake Jaafar aliwaambia watu wake waitengenezee familia ya Jaafar chakula, maana limewafika la kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza amri hiyo, na ni lazima tuambizane ukweli: katika mitaa yetu mfiwa ndiye anayekopa mchele, ndiye anayetafuta mbuzi, na waliokuja kumpa pole wanaulizana kama pilau ina nyama ya kutosha. Na sahaba wake Abu Dharri aliambiwa naye kwamba akipika mchuzi azidishe maji, awatazame jirani zake. Hakuambiwa azidishe nyama. Maji, ndugu zangu, hayajapanda bei kiasi cha kutushinda.

Nawausia basi, na ninaanza na nafsi yangu, tusikope kwa ajili ya sikukuu. Mwenyezi Mungu ametwambia kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, na deni la biriani ya siku moja linalolipwa mpaka Mfunguo Tatu ni israfu, hata kama kila punje imeliwa na sahani zimefutwa. Tutoe zaka ya fitri mapema, kabla ya swala, na tutoe chakula tunachokila wenyewe, tusimtafutie maskini mchele ambao sisi hatuwezi kuula. Asiyeweza kuku aweke tambi na chai ya maziwa, na asione haya, kwa kuwa mgeni wa Idi huja kutoa mkono. Wazazi tusiwaache watoto wetu wakue wakidhani kwamba chakula cha sikukuu huletwa na pikipiki, kimefungwa ndani ya boksi. Tuwakalishe jikoni, wachague ngano, waungue vidole kidogo, wajue kwamba lile sahani la jirani lina jasho la mtu. Na tuwakumbuke waliofiwa mwaka huu, mabinti walioachika, wazee wanaokaa peke yao kwa kuwa watoto wote wako ng'ambo, na wale ambao mlango wao haujabishwa tangu Idi iliyopita. Ikiwa sufuria ni dogo, kijiko kiwe kidogo, lakini mlango usirukwe hata mmoja.

Mwisho naarifu kwamba kikao kilikubali. Ngano ni nusu ya ile ya mwaka jana na nyama pia, thawabu zake tunamkusudia marehemu, na mwiko ataushika binti yake, aliyekuwa amesimama karibu naye miaka yote. Wa kupiga wamekwisha kutajwa majina, na safari hii kuna wavulana.

Ninawatakia nyote Idi njema, yenye kheri, baraka na amani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa waliosamehewa, aturudishie Ramadhani nyingi tukiwa na afya na imani, awarejeshe salama wasafiri wetu, awapanulie riziki wenye dhiki, na aijaze nuru kaburi la shangazi yetu na makaburi ya wote waliotangulia. Kullu aam wa antum bikheir.

Boko boko litaanza kugawiwa mara tu watu watakaporudi kutoka kuswali. Tafadhali leteni vyombo vyenye vifuniko, na kila chombo kiandikwe jina la nyumba, kwa sababu yapo mabakuli ya mwaka jana ambayo mpaka leo hayajapata wenyewe, na lile la kijani lenye maua linadaiwa na nyumba mbili.