Aksanti, mama wa karanga pale Tunnel

Jumamosi tulimfuata kwa miguu kiongozi wetu wa matembezi ya historia hapa Lubumbashi, kuanzia Posta, palipopiganwa tarehe 13 Septemba 1961, mpaka Tunnel, ile njia ya chini ya reli ambayo Wairlandi wa Umoja wa Mataifa waliwanyang'anya askari wa Tshombe, mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, tarehe 16 Desemba mwaka uleule. Hapo miguu ya baba ikaisha nguvu.

Mama, uliacha karanga zako, ukamkalisha juu ya bidoni yako ya njano, ukamfunika kichwa kwa kitenge chako mwenyewe. Pesa ukakataa. Na baba, aliyekuwa mtoto wakati ule wa mizinga, akakusimulia mambo ambayo sisi watoto wake hatujawahi kuyasikia!

Nimerudi mara mbili, sikukukuta. Aksanti sana, mama. Anakuulizia kila siku.