Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: hasara ya mvua ya mawe ihesabiwe siku ya saba

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima, sisi wagani na wazalishaji wa mbegu wa Umalila na Uporoto tunakuandikia juu ya jambo moja: siku ya kufanya tathmini shamba linapopigwa na mvua ya mawe. Ikifanyika kesho yake, mahindi yaliyochanika majani yanaandikwa yamekufa kumbe yapo hai. Ikifanyika baada ya mwezi, muda wa kupanda tena umekwisha. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na maharage yanayopandwa baada ya katikati ya Machi huweka maua mvua zikiwa zinaaga.

Siku inayofaa ni ya saba. Mahindi yenye majani matano bado yameficha ncha ya ukuaji chini ya udongo, hivyo hata yakipukutika yote juu yanachipua. Afisa ugani ang'oe mashina machache na kuyapasua kwa kisu kuanzia mizizini kwenda juu. Ncha nyeupe na ngumu iko hai. Ya kahawia, laini, yenye harufu, imeoza. Siku ya pili hawezi kuzitofautisha kwa sababu uozo haujaonekana. Kisha apime mita 10 za mstari katika sehemu tano za shamba. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, mita hizo hubeba miche 33. Wastani ukiwa miche hai 17 au zaidi, shamba liachwe, na maji yakishanyonywa liongezewe yurea kilo 25 kwa ekari. Yurea inayotupwa kwenye maji yaliyotuama inapotea bure. Wastani ukiwa chini ya hapo, shamba zima lipandwe upya. Kurudishia, yaani kupanda kwenye mapengo tu, hakufai, maana mche mdogo unafunikwa na kivuli cha wakubwa na haubebi.

Mawe yakikuta mahindi yanatoa mbelewele, hakuna jani jipya litakaloota. Shamba lililopukutika lote katika hatua hiyo halitaleta punje za maana, na mkulima aambiwe ukweli huo mapema. Akate mabua yawe chakula cha ng'ombe, apande maharage wiki hiyo hiyo kama tarehe inaruhusu.

Hapo ndipo wengi wanapopata hasara ya pili. Palipopigwa atrazini, dawa ya kuua magugu kwenye mahindi, maharage huota vizuri, kisha majani hugeuka njano kuanzia kingoni na kukauka, kwa kuwa dawa hiyo hukaa udongoni kwa miezi. Fomu ya tathmini iulize: ni dawa gani ya magugu ilipigwa, na lini? Mstari huo mmoja unaokoa kilo 30 hivi za mbegu kwa kila ekari. Shamba la namna hiyo lipandwe mahindi ya muda mfupi, ya kuchoma au ya kulishia mifugo.

Viazi visingoje tathmini yoyote. Vidonda vya mawe hufungulia ukungu mlango, hivyo mankozebu, dawa ya kuzuia ukungu, ipigwe ndani ya siku mbili, majani yakiwa yamekauka.

Mheshimiwa, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, na pikipiki za maafisa ugani zipo. Tunaomba zitengewe mafuta ya dharura kuanzia Desemba hadi Machi. Tunaomba pia kila kata iwe na akiba ya mbegu ya maharage kufikia mwisho wa Januari, kutoka kwa wazalishaji wa mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani mbegu zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi. Aina za Uyole 96 au Njano Uyole zinatosha. Mbegu 100 ziviringishwe kwenye kitambaa kibichi kwa siku saba. Zikiota chini ya 80, gunia hilo lirudishwe. Akiba isiyotumika iuzwe katikati ya Machi. Ikilazwa ghalani hadi mwaka unaofuata, itatobolewa na wadudu na hakuna atakayeiamini.

Nakala ya fomu abaki nayo mkulima, ikiwa na namba yake ya usajili wa mbolea ya ruzuku na picha mbili za shamba, ili awe na cha kuonyesha benki au kwa kampuni ya bima.

Rasimu ya fomu hiyo, ukurasa mmoja, tumeshaiandaa. Tuko tayari kuwaelekeza watendaji wa kata na vijiji kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wagani na wazalishaji wa mbegu, Umalila na Uporoto