Kadi ya Tume haikupi kura ya mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na majirani zangu wa Dodoma, hasa wapangaji, kabla ya Oktoba 11, 2024, siku ya kuanza kuandikisha wapiga kura wa mtaa.

Mimi nina mashine ya kusaga huku Mkonze. Mtu akileta debe lake la uwele hana pa kwenda mpaka unga utoke, na umeme ukikatika ndiyo kabisa, kwa hiyo habari zote za mtaa zinapitia mlangoni kwangu. Wiki iliyopita alikaa hapo kijana mmoja, mtumishi, amepanga nyumba ya nyuma. Nikamuuliza kama atajiandikisha. Akacheka, akatoa kadi kwenye pochi.

"Mama, mimi nilishamaliza. Nilikuwa likizo kwetu Kigoma mwezi wa saba, Tume ilianzia kule."

Kweli, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilianza kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura Julai 20, na ilianzia Kigoma. Kadi yake ilikuwa bado inang'aa. Nilipomrudishia ilikuwa na alama ya dole gumba langu, nyeupe ya unga.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ni ya mwakani."

Hakunielewa, na tangu siku hiyo nimewauliza wateja kama ishirini swali hilohilo. Wengi wamenijibu kama yeye. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kadi ya Tume ni ya uchaguzi mkuu wa 2025: Rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa Novemba 27 mwaka huu ni wa serikali za mitaa, unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayoshughulikia mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake. (Kama ni sawa TAMISEMI kuusimamia, watu wamekwenda mahakamani kuliuliza hilo. Mimi nasaga.) Orodha hiyo inaandikwa mtaani kwako kwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Unatakiwa uwe Mtanzania, umetimiza miaka 18, na unaishi mtaa huo. Aliyeandikishwa na Tume Kigoma, au hata hapa Dodoma, asipofika kwenye kituo cha mtaa anaoishi katika siku hizo kumi, Novemba atakuwa mtazamaji.

Nalijua kwa sababu lilinipata. Desemba 14, 2014 nilikuwa nakaa mtaa mwingine hapa mjini. Niliamka alfajiri, nikavaa kitenge cha kanisani, nikapanga foleni na kadi yangu mkononi. Karani akapitisha rula kwenye majina, akarudia mara ya pili, akasema, "Mama, haupo." Nikamwonyesha kadi. Akasema si hiyo. Nilirudi nyumbani mbele ya foleni nzima, na kitenge changu.

Uchaguzi wa 2019 hata nafasi ya kukosea sikuipata. Vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, wagombea wakapita bila kupingwa sehemu nyingi, huku kwetu pia. Kwa hiyo nina zaidi ya miaka kumi sijamchagua mwenyekiti wa mtaa, na katika miaka hiyo hakuna kiongozi niliyemhitaji kuliko huyo. Mtoto akikamatwa usiku na bodaboda, anayetafutwa ni mwenyekiti. Fomu ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, barua ya benki, kikundi cha akina mama kinachotaka mkopo wa halmashauri, kote utaambiwa upitie serikali ya mtaa.

Na viwanja. Mwaka 2017 Serikali ilikuwa imeanza kuhamia huku na bei ya ardhi inapanda kila wiki. Nilinunua kiwanja cha miguu 20 kwa 30, mtaa sitautaja. Mwenyekiti wa huko alishuhudia, akagonga muhuri, akapokea na asilimia yake bila risiti. Miezi minane baadaye nimepeleka tofali, nakuta mama mwenzangu anachimba msingi. Tukakaa juu ya lile rundo la mchanga, kila mmoja akatoa karatasi yake. Sahihi ileile, muhuri uleule. Hatukugombana hata, tulibaki tunatazamana. Kesi yetu iko baraza la ardhi mpaka leo, na tumekuwa mashoga.

Sasa wapangaji wananiambia, "Mama, sisi wa kupita tu, mwenyekiti ni wa wenye nyumba." Mpita njia gani huyo anayelipa hela ya ulinzi kila mwezi? Kodi ya nyumba unalipa hapa, taka zako zinazolewa hapa, ukiibiwa unapiga yowe hapa.

Kuhusu nani wa kuchagua, sina chama cha kumnadia mtu. Ila nina kaunta buku. Mbele naandika madeni ya wateja. Kurasa za nyuma, tangu 2019, naandika kila mchango nilioutoa mtaani: choo cha shule 5,000, madawati 10,000, ulinzi 2,000 kila mwezi, barabara baada ya mvua 3,000. Pembeni naweka alama ya R nikipewa risiti. Juzi nimehesabu. Ukiacha ulinzi, nimechanga mara tisa, R ziko tatu. Kampeni ni siku saba tu, Novemba 20 hadi 26, watakuja na spika na fulana. Mimi nitakwenda na buku. Nitauliza hizo sita zilikwenda wapi, na atakayejibu vizuri nitampa kura hata kama chama chake sikipendi. Aliyekuwa haandiki, akae leo na mumewe au mkewe wakumbushane. Mnakumbuka zaidi ya mnavyodhani.

Wenye kadi za vyama wana kazi ya ziada, maana bila chama hakuna mgombea. Fomu zinachukuliwa na kurudishwa Novemba 1 hadi 7. Mtu mbaya azuiwe ndani ya chama kabla ya hapo, msije kutulalamikia sisi Desemba.

Halafu kuna wazee wetu wa mashamba. Novemba ndio muda wa kuberega, yaani kusafisha mashamba, kabla mvua haijashuka, na wengi wanahamia mashambani Bahi na Chamwino wiki nzima nzima. Mzee mmoja aliyeleta mtama juzi nilimwamkia "Mbukwenyi," nikamuuliza ataandikishwa wapi. Akasema kote kuwili, mjini na shambani. Babu, ni sehemu moja tu, pale unapoishi. Amechagua mjini, na mjukuu wake ameahidi kumfuata na pikipiki siku ya kura. Vituo vitafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, hivyo wa mbali wapange usafiri mapema.

Wahusika nao nawaomba jambo moja dogo. Baada ya uandikishaji majina hubandikwa ili watu wayakague. Mwaka ule wa 2014 waliyabandika juu ya mlango, kwenye jua, kwa herufi ndogo, upepo wa Dodoma ukachana karatasi ya mwisho. Bandikeni usawa wa macho ya mama mfupi, na mwekeni kijana wa kuwasomea wazee.

Jumamosi, Oktoba 12, mashine yangu nitafungua saa nne badala ya saa moja. Mwenye debe lake anikute kituoni, tupange foleni pamoja. Yule kijana wa Kigoma amesema atakuja na mkewe.

Mama wa Mashine,
Mkonze, Dodoma