Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Kigoma, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu atazisoma mhazini baada yangu, na majina ya wanachama wapya katibu ameyabandika mlangoni. Mimi naomba muda wangu uishe kwenye jambo moja: mwaka huu, katika chakula chetu cha pamoja, nani alikuwa mwenyeji na nani alikuwa mgeni.

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sina ubishi na hilo. Ziwa lisipopumzika, watoto wetu watakula nini? Lakini pale mwaloni Kibirizi, mahali wavuvi wanapoteremsha samaki, vichanja vya dagaa vilibaki vitupu. Nanyi mnajua mboga yetu miaka yote imetoka kwa wavuvi na wake zao, wakituletea bila kupima wala kudai. Safari hii wao ndio waliokosa. Tukawaalika waje kula, na wengi hawakuja. Mtu aliyezoea kutoa, kukaa mkekani akisubiri sahani ni mzigo mkubwa kwake kuliko kupika. Kamati ya chakula ikabadili mwaliko: waje tangu asubuhi, tutwange sombe, yaani majani ya muhogo, pamoja, tusonge ugali wa muhogo pamoja. Mawese na maharage yakatoka kwa wanachama wenye mashamba. Wakaja, tena na watoto wao, mpaka mikeka ikapungua.

Baada ya hapo niliisoma tena habari ya Emau katika Luka 24. Wanafunzi wale wawili wa Yesu walimsihi mgeni, naye ndiye Yesu aliyefufuka, akae kwao kwa kuwa jua limekuchwa. Wao ndio waliomkaribisha, lakini walipoketi kula, mgeni ndiye aliyetwaa mkate, akabariki, akaumega, akawapa. Njiani alikuwa amewaeleza Maandiko kwa urefu na hawakumtambua. Walimtambua kwenye kuumega mkate. Je, kama wangemzuia kwa heshima zetu hizi, "tulia, wewe ni mgeni"? Bwana wetu hata kabla ya hapo alikula sana katika nyumba za watu: kwa Zakayo, kwa Martha na Mariamu, kwa Simoni Farisayo. Alikubali kupokea, na mimi naona kukubali huko ni sehemu ya imani yetu sawa na kutoa.

Mwezi Machi Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Majirani zetu Waislamu walituletea uji na tambi, nasi tukasogeza chakula chetu hadi baada ya adhana ya magharibi ili tule nao. Nawashukuru mno.

Chakula cha Jumamosi kwa ndugu wanaouguza wagonjwa Hospitali ya Maweni kimeendelea. Wengi wao wametoka mbali, Kakonko, Uvinza, vijiji vya kando ya ziwa, na hapa mjini hawana jiko wala jamaa. Imeletwa hoja kwamba tuandikishe majina ili asiyestahili asile. Kamati imeikataa, nami naiunga mkono kamati kwa moyo wote. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu katika chakula walichokiita cha Bwana huyu alikaa na njaa na yule amelewa. Hakuwakemea kwa kumlisha mtu wasiyemjua.

Mkutano huu unaombwa kuamua mambo mawili. La kwanza, kila chakula cha pamoja kiwe na wapishi waliotoka miongoni mwa wageni wenyewe, wenye kauli jikoni, si wa kuosha vyombo tu. La pili, wahudumu waache kula jikoni wageni wakishaondoka. Wakae nao, sinia moja. Hili la pili lina upinzani, hasa kutoka kwa akina mama wa jikoni, wanaosema ugali utapoa na awamu ya pili itachelewa. Hoja yao ni ya kweli. Ndiyo maana kamati inapendekeza tununue sufuria kubwa mbili na jiko la pili la kuni, ili awamu zote mbili ziive kwa wakati mmoja. Bei zimo kwenye karatasi ya mhazini mliyogawiwa. Naomba tuijadili kabla ya kupiga kura.

Mwenyekiti